Msimfunge Aliyeumwa na Nyoka

Ndugu zangu askari wa wanyamapori wa vijiji, na nyinyi madereva wa bodaboda mlioacha abiria asubuhi hii, asanteni. Ratiba inasema niongee kuhusu damu, mifupa, jua kali na nyoka. Naanza na nyoka. Nisipofika kwingine mtanisamehe, maana hili nimelisema kata baada ya kata na bado naletewa wagonjwa wamefungwa kamba juu ya jeraha.

Kuna kijana mmoja, mchungaji wa miaka 17. Kifutu alimgonga karibu na kifundo cha mguu jioni akirudisha ng'ombe. Kaka yake, kwa mapenzi kabisa, akachana mpira wa ndani wa baiskeli, akamfunga mara mbili: chini ya goti na juu ya kifundo. Walifika kwetu asubuhi. Mpira wa chini niliutafuta nisiuone. Uvimbe ulikuwa umeumeza. Niliupata kwa kidole, kama mfereji ndani ya nyama. Vidole vya mguu vilikuwa vya baridi na vimegeuka rangi. Nabonyeza ukucha, damu hairudi. Tulimpa rufaa siku hiyohiyo, na mguu ukakatwa.

Sumu ya kifutu huozesha nyama pale ilipoingia. Ukiifungia hapo, tena ukainyima nyama hiyo damu, unaiongezea nguvu. Usipoufunga, mguu utavimba, pengine hadi pajani, na utauma vibaya, lakini damu itaendelea kupita.

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa: mimi nilifungwa na nikapona. Shikamoo mzee wangu, nakuamini. Lakini nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitia. Mtu wa namna hiyo angepona hata angeachwa chini ya mti. Ndiyo maana jiwe jeusi, lile linalobandikwa kwenye jeraha eti linyonye sumu, nalo lina sifa. Kuchanja kwa wembe, kunyonya, kupiga shoti ya betri, yote acheni.

"Na koboko je?" Hilo sikosi kuulizwa. Sumu yake hulegeza misuli: kope zinaanguka, mate hayamezeki, sauti inakwama, mwisho kifua kinashindwa kuvuta hewa. Hapo msitegemee kamba, tegemeeni pumzi zenu. Mlazeni ubavu mate yatoke. Akiacha kupumua, mgeuzeni chali mumpulizie mdomo kwa mdomo, mkipokezana, mpaka mfike hospitali. Na hili naomba mlishike: macho yamefumba, mkono ukiuinua unaanguka, lakini anaweza kuwa anawasikia. Nimekuta ndugu wameanza kulia msiba juu ya mtu ambaye moyo wake unapiga. Msilie, mpulizieni!

Ukimkuta ameshafungwa, usikate kamba porini. Sumu iliyokuwa imezuiwa inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo. Mwacheni tabibu ailegeze, dawa ikiwa tayari.

Tuje kwenye kazi yenu. Msogezeni mbali na nyoka. Mvueni pete, bangili, shanga za mguuni na viatu kabla hajavimba. Mguu uegemezwe kwenye fimbo au ubao kwa kitenge, kama uliovunjika, na kidole chako kipite chini ya fundo. Asitembee hata hatua kumi. Chukua kalamu, chora ukingo wa uvimbe kwenye ngozi na uandike saa pembeni. Baada ya muda chora tena. Tabibu akiiona mistari hiyo anajua uvimbe unakimbia kiasi gani. Nyoka msituletee, maana hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma. Na pigeni simu kwanza! Dawa ya sumu ya nyoka haipo kila zahanati. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na linataka vifo vipungue kwa nusu ifikapo 2030. Huku kwetu, saa mbili za kwenda mahali pasipo na dawa zinatosha kumpoteza mtu.

Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi, usifikiche, uende hospitali. Damu na mifupa nitarudi Alhamisi, muda umetutupa.

Haya, dereva wa pikipiki nyekundu, ilete hapa chini ya mwembe. Wewe kijana ndiye mgonjwa, kaa katikati. Wewe panda nyuma yake, umkumbatie kwa mikono miwili, kichwa chake kiegemee bega lako. Usimbane kifua. Sasa zunguka uwanja polepole tuone kama atateleza.