Pedali ya Breki Ngumu Kama Jiwe? Pima Busta Kwanza

Karibu, mtazamaji. Hii ni Peugeot 504 ya karbureta, na kazi ya leo ni hiki chungu cheusi nyuma ya masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki. Kinaitwa busta, na kazi yake ni kuuongezea mguu wako nguvu.

Ndani mna kiwambo cha raba kinachoigawa vyumba viwili. Injini ikiwaka, manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, hufyonza hewa kutoka vyumba vyote. Ukikanyaga pedali, vali ndogo hufungulia hewa ya nje iingie chumba cha nyuma, nayo ikisukume kiwambo mbele. Kinachokusaidia, basi, ni uzito wa hewa tu. Huku Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa husukuma pungufu ya Mombasa kwa takriban asilimia 18, kwa hivyo busta iliyochoka hujitambulisha mapema.

Zima injini. Kanyaga mara tano mpaka pedali iwe ngumu. Usiachilie; washa. Tazama mguu: pedali imezama kidogo yenyewe. Isipozama, usikimbilie Kirinyaga Road kununua busta.

Anza na mpira wa vakyumu, ule unaoleta mfyonzo wa manifoldi kwenye busta. Uchomoe upande wa busta, injini ikiwaka, uzibe kwa kidole gumba. Mpira unapaswa kukivuta kidole kwa nguvu. Huu hapa fundi aliweka wa petroli: ukipata moto, unajikunja bapa, hewa haipiti. Weka wa vakyumu, wenye ukuta mnene. Kisha vali ya njia moja: ipulize kwa mdomo. Hewa ipite kuelekea injini, isirudi. Ukitumia geji ya kupima mfyonzo huo, vitabu vingi husema inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hayo ni ya pwani. Hapa toa kama tano, na usiguse karbureta kwa sababu hiyo.

Ukikanyaga ukasikia *sss* miguuni na injini ikayumba, kiwambo kimepasuka.

Mafuta ya breki yakipungua bila tone chini, fungua nati mbili za masta silinda, ivute mbele taratibu bila kulegeza mabomba. Ona huu unyevu: sili ya nyuma imekwisha, injini inayanywa mafuta, ndio ule moshi mweupe. Mafuta hayo huozesha raba, kwa hivyo kubadilisha busta peke yake ni kutupa pesa.

Ukifunga busta mpya, linganisha fimbo yake, ile inayosukuma masta silinda, na ya zamani. Ikizidi hata milimita moja, breki hazitaachilia. Piga jeki, kanyaga, achilia, zungusha gurudumu kwa mkono. Likikwama, rudi kwenye fimbo.