Jina Moja, Koo Ngapi? Kuunganisha Matawi Mawili ya Ukoo

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam na kote mnakotusikiliza. Leo tunaanzia foleni ya benki pale Posta. Jina la ukoo linaitwa, wanainuka watu wawili. Mmoja kwao Lushoto, mwingine kwao Mwanga. Wanabadilishana namba, na kabla ya magharibi wameshaanza kuitana ndugu. Kaka Gabriel, hao ni ndugu?

GABRIEL: Bado, dada Zuhura. Wana jina moja, basi. Na kabla hata ya kuuliza kwao wapi, niulize kwanza hilo jina ni la aina gani, kwa sababu majina ya mwisho ya hapa kwetu hayana asili moja.

ZUHURA: Tuyachambue.

GABRIEL: Kuna jina la ukoo hasa, lile linalorithiwa na kila mtoto wa kiume na wa kike vizazi na vizazi. Lyimo wa Marangu, Msuya wa Upareni. Hilo lina uzito. Halafu kuna jina la mtu lililogeuka kuwa la mwisho pale shuleni. Masanja, Chacha, Mwita, Juma, Salum. Usukumani Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayewafuata. Kila nyumba iliyozaa mapacha ina Kulwa wake, kwa hiyo kina Kulwa wawili wakikutana Kariakoo hawajathibitisha chochote.

ZUHURA: Na kwa watu wa pwani ndiyo zaidi. Hamisi Juma Saidi anamzaa Omari, Omari anakuwa Omari Hamisi Juma. Saidi ameshadondoka. Kizazi kinachofuata Juma naye anadondoka. Ukiwa na majina matatu tu ya kwenye kitambulisho, umefika kwa babu na hapo ndipo unapoishia.

GABRIEL: Na humo humo unakuta ndugu wa tumbo moja wenye majina ya mwisho tofauti, kwa sababu mmoja aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la baba na mwenzake kwa jina la babu. Kwa hiyo jina moja halithibitishi undugu, na majina mawili hayaukanushi.

ZUHURA: Kuna na majina ya kazi.

GABRIEL: Hayo ndiyo yanayowapoteza wengi. Chukua Mshana. Upareni Washana ni ukoo wa wahunzi, watu wa chuma. Jina lililobebwa na kazi linaweza kumshika mtu aliyefundishwa kazi hiyo, au aliyepokelewa nyumbani kwa mhunzi akalelewa hapo. Watu wawili wenye jina la namna hiyo huenda wameunganishwa na mvukuto, si na damu. Usambaani nako kuna majina yanayoanza na She, maana yake baba wa fulani. Wanaume wawili katika vilima viwili tofauti wanaweza kuwa na watoto wenye jina moja, na kila mmoja akaanzisha ukoo wake.

ZUHURA: Sasa hawa wawili wa Posta wanataka kujua ukweli. Waanze na nini?

GABRIEL: Waanze kwa kutoambiana. Najua inauma, maana watu wamefurahi. Lakini kosa kubwa kuliko yote hufanyika siku ya kwanza: mmoja anamwambia mwenzake, "Sisi babu yetu mkuu alikuwa Mbwana, alitoka milimani." Mwenzake anaenda kwa mzee wake na kuuliza, "Eti babu yetu alikuwa Mbwana?" Mzee, kwa adabu na kwa hamu ya kupata ndugu, anakubali. Baada ya mwezi mmoja pande zote mbili zinasimulia kisa kimoja, na huwezi tena kujua kimetoka kwa nani.

ZUHURA: Kwa hiyo kila upande ukusanye wa kwake kwanza.

GABRIEL: Kila upande, bila kumgusa mwenzake. Watafutwe wazee wawili au watatu, na wahojiwe mmoja mmoja. Ukiwakalisha pamoja, mkubwa ataongea na wadogo wataitikia. Saa moja inatosha, mzee asichoke. Rekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa, na pembeni uwe na daftari, kwa sababu majina ya zamani ukiyasikia tu utayaandika vibaya. Mwombe mzee alirudie jina mara mbili.

ZUHURA: Na usiulize "unakumbuka mababu zako?"

GABRIEL: Swali hilo linapata jibu fupi. Uliza kwa kushuka na kupanda ngazi zetu wenyewe: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kinying'inya. "Wewe ni mjukuu wa nani? Huyo aliyekuzalia baba, yeye alikuwa mjukuu wa nani?" Kisha uliza kuhusu tambiko. Penye tambiko, majina ya waliotangulia huitwa kwa mpangilio, na mpangilio huo mzee hauchezei. Mimi naiamini orodha ya tambiko kuliko masimulizi ya sebuleni.

ZUHURA: Nami nasisitiza wanawake. Muulize mzee: mkewe nani, na huyo mke alitoka ukoo gani, kijiji gani. Watu huja na orodha ya wanaume saba bila mke hata mmoja.

GABRIEL: Hapo dada umegusa penyewe. Jina la mwanamume linaweza kufanana kwa bahati. Lakini pande mbili ambazo hazijawasiliana zikitaja kila moja mwanamume yuleyule, aliyeoa mwanamke yuleyule, kutoka ukoo uleule wa kijiji kilekile, bahati ya namna hiyo ni ngumu kutokea. Na shangazi ndiye mwenye habari hizo. Anajua nani aliolewa wapi, mahari iligawanywa kwa nani, mtoto gani alilelewa tu.

ZUHURA: Pia mwiko wa ukoo.

GABRIEL: Mwiko, yaani mnyama au chakula ambacho ukoo hauli, jina la sifa, na mahali pa makaburi. Andika vyote. Upande mmoja ukiwa na mwiko wa nyama fulani na mwingine hauna, usikate tamaa haraka, kwa sababu dini zilifuta mengi. Uzito uko kwenye kulingana kwake.

ZUHURA: Kuna jamii zinazofuata upande wa mama.

GABRIEL: Waluguru, Wazaramo, Wamakonde, Wayao. Mluguru lukolo lake, yaani ukoo wake, ni la mama, lakini shuleni ameandikwa kwa jina la baba. Waluguru wawili wenye jina moja la mwisho wanaweza kuwa wa koo tofauti kabisa, na wenye majina tofauti wakawa lukolo moja. Kwao anza na mama yake mama, uende hivyo hivyo.

ZUHURA: Tuje kwenye tatizo la majina kujirudia. Mjukuu anapewa jina la babu, na yeye mjukuu wake tena anapewa.

GABRIEL: Hilo hukunja muda. Tuseme upande wa Lushoto unahesabu vizazi vinne hadi Hamisi, upande wa Mwanga unahesabu sita hadi Hamisi. Wanashangilia, wamempata Hamisi wao. Weka miaka 30 kwa kizazi. Vinne ni miaka 120, sita ni 180. Kama wahesabuji ni rika moja, kati ya Hamisi hao kuna miaka 60, yaani vizazi viwili, umbali uleule wa babu na mjukuu wake. Basi huenda Hamisi ni wawili, au upande mmoja umeruka watu. Usimwandike kama mtu mmoja. Andika Hamisi wa Kwanza na Hamisi wa Pili, kila mmoja na mkewe.

ZUHURA: Na miaka yenyewe tunaipataje kwa watu ambao hawakuandikwa popote?

GABRIEL: Kwa matukio. Vita vya Majimaji ni 1905 hadi 1907. Vita vya Wajerumani na Waingereza ni 1914 hadi 1918. Ugogoni kuna njaa kubwa ya Mtunya, kuanzia 1917. Kuna Uhuru, 9 Desemba 1961, kuna kuhamishiwa vijijini 1973 hadi 1976. Muulize mzee: wakati huo baba yako alikuwa ameoa? Alikuwa anachunga? Mtu aliyekuwa anachunga mbuzi vita vilipoanza 1914 alizaliwa karibu na 1905. Unapata makadirio ya kupishana miaka mitano hivi, na kwa kazi hii yanatosha.

ZUHURA: Matukio hayohayo ndiyo yaliyotawanya watu.

GABRIEL: Ndiyo sababu lazima kila tawi lijue lini lilihama na kwa nini. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walitoka Songea na Kigoma wakaenda mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro. Wengine hawakurudi. Huko karani aliandika jina kama alivyolisikia, na mwingine alijiandikisha kwa jina la mwenzake aliyesafiri naye. Ukikuta tawi linalosema "babu alikuja na mkonge," uliza shamba gani, na aliishi kambi moja na watu wa wapi.

ZUHURA: Karatasi sasa. Watu wanakimbilia RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa.

GABRIEL: Kwa vizazi vya karibu, sawa. Kwa babu wa babu aliyezaliwa kijijini, cheti cha kuzaliwa ni nadra. Kinachosaidia ni vitabu vya makanisa. Kitabu cha ubatizo cha parokia Katoliki kina jina, tarehe, wazazi na msimamizi, vya zamani mara nyingi kwa Kilatini: filius ni mwana, filia ni binti, patrinus ni msimamizi wa kiume. Na kuna kitu kidogo pembeni ambacho wengi hawakitazami. Tangu 1908, ndoa ikifungwa parokia nyingine, taarifa hurudishwa kule alikobatizwa mtu na kuandikwa ubavuni mwa jina lake. Kwa hiyo aliyebatizwa Peramiho akaoa Tanga, ubavu wa ukurasa wa Peramiho unaweza kukupa parokia ya Tanga na jina la mke.

ZUHURA: Hiyo ni dhahabu kwa anayetafuta tawi lililohama.

GABRIEL: Sana. Ila usiende mikono mitupu. Nenda ofisi ya parokia na jina la ubatizo, jina la baba, na mwaka kwa kukisia, tofauti isizidi kumi. Paroko hawezi kukufungulia miaka 40 ya vitabu. Kwa Waislamu, tafuta hati za ndoa, jina la walii na waliokaa mashahidi, kwa kuwa walii, yaani anayemwoza bibi arusi, kwa kawaida ni ndugu yake wa kuumeni.

ZUHURA: Mirathi je?

GABRIEL: Jalada la mirathi Mahakama ya Mwanzo lina muhtasari wa kikao cha familia, majina ya warithi na uhusiano wao na marehemu. Wengi wanasahau kuwa nakala ya muhtasari huo ipo kabatini kwa msimamizi wa mirathi. Anza kwake.

ZUHURA: Na Nyaraka za Taifa, pale Upanga?

GABRIEL: Kuna majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Ndani yake kuna habari za machifu na koo zao kubwa. Mkulima wa kawaida hayumo kwa urahisi. Ukienda, jua tahajia: Moshi waliandika Moschi, Machame ni Madschame, Bagamoyo ni Bagamojo, Mwanza ni Muansa. Jina la ukoo nalo ligeuze hivyo hivyo unapotafuta. Massawe na Masawe, Urassa na Urasa, s moja au mbili isikufanye uwatenge watu.

ZUHURA: Wasikilizaji wengi wanauliza kuhusu vinasaba. Wanasema wapime, yaishe.

GABRIEL: Hayaishi. Kipimo cha kawaida kinaangalia damu ya pande zote, na sehemu mnayochangia hupungua haraka. Wajukuu wa babu na bibi mmoja, yaani watoto wa ndugu wawili, huchangia wastani wa asilimia 12.5. Vitukuu, kama asilimia 3. Vilembwe, chini ya asilimia 1, na takribani mmoja kati ya kumi kipimo hakioni kitu. Vinying'inya, karibu nusu yao hawaonekani. Ndugu wa kweli wa mbali wanaweza kuambiwa si ndugu.

ZUHURA: Na kile cha wanaume?

GABRIEL: Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo inafuata njia ya jina. Inafaa kuwapima wanaume wawili, mmoja kila tawi, wanaoshuka kwa wanaume watupu. Ikikataa, hawana babu mmoja kwa njia ya kiume. Ikikubali, haikutajii ni babu yupi wala lini hasa. Na kumbuka mtoto wa kulea, au mjane aliyezaa na mtu wa nje ya ukoo kwa jina la marehemu. Kipimo kitasema hapana, wakati ukoo unasema ndiyo, na ukoo una haki yake. Tena hapa nchini kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Usitume mate nje ya nchi kabla ya kuuliza Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

ZUHURA: Kuna jambo halitajwi, nalo huvunja kazi nzima. Ardhi.

GABRIEL: Mgeni anatoka Dar na daftari, anauliza mababu na makaburi. Kijijini wanaelewa amekuja kudai shamba. Milango inafungwa. Tangulia kwa mtu wa nyumbani, ujitambulishe kwa mkubwa wa ukoo na kwa mwenyekiti wa kitongoji, useme wazi hutafuti urithi. Usipige picha ya kaburi kabla hujaruhusiwa. Na usiulize mbele za watu kama fulani aliingizwa tu kwenye ukoo. Wapo waliokuja kama mateka, kama watwana, kama wageni, wakawa watu wa nyumba. Jibu la namna hiyo hupewa faraghani au halipewi.

ZUHURA: Basi pande zote mbili zimemaliza. Siku ya kukutana inakuwaje?

GABRIEL: Kila upande na karatasi yake ya manila. Kila mtu apewe namba: tawi la Lushoto L1, L2, la Mwanga M1, M2. Weka karatasi kando kwa kando, tafuta mahali panapogusana. Mimi nataka vitu vitatu visivyotegemeana: jina la mwanamume, jina la mkewe na ukoo wake, na mahali walipoishi. Miaka isipishane zaidi ya kizazi kimoja. Vikitimia vyote, chora mstari wa wino.

ZUHURA: Vikitimia viwili?

GABRIEL: Penseli. Pembeni andika nani alisema, tarehe gani, na kinachokosekana. Mara nyingi kinachokosekana ni jina la mke, na yupo shangazi mahali fulani, Korogwe au Same, ambaye hajaulizwa. Panga safari ya kwake kabla ya mvua za masika, maana barabara za milimani zikiharibika utasubiri hadi Juni.