Wabunge wa Texas waligombea ua miaka 70, nipo nalo hapa

Haya wadau wangu mambo zenu, leo nipo Ennis, kamji kadogo kusini mwa Dallas, na msinione nimechuchumaa mkadhani nimedondosha kitu, nataka muone hii mali kwa karibu. Ngoja nigeuze kamera. Buluu yote hiyo mpaka kule kwenye fensi inaitwa bluebonnet, ua la porini, ndiyo ua rasmi la jimbo la Texas tangu 1901.

Sasa sikieni vituko vyake. Mwaka huo bunge la jimbo linachagua ua, mmoja anasema liwe la pamba, na ukweli pamba ndo ilikuwa hela ya huku enzi hizo, mimi ningekuwepo ningempa kura yangu. Mwingine anaitwa John Nance Garner akang'ang'ania mpungate, ule wa miiba, aling'ang'ana mpaka akabandikwa jina Cactus Jack na likamganda hadi alipokuja kuwa Makamu wa Rais wa Marekani chini ya Roosevelt. Wakatokea kina mama wa chama cha Colonial Dames, wao wanataka bluebonnet, na hawakuja mikono mitupu, wakaleta mchoro wa ua lenyewe humo humo bungeni. Wanaume kwisha habari yao.

Ila tatizo, bluebonnet ziko aina kadhaa, na sheria ikataja moja tu, Lupinus subcarnosus, ya kwenye mchanga, ndogo ndogo, rangi imefifia. Hii mnayoiona hapa iliyokolea ni Lupinus texensis, yenyewe ikawa haimo! Watu wakabishana weee, mpaka 1971 ndo bunge likasema basi, zote mbili ni ua la jimbo, pamoja na aina nyingine yoyote ya bluebonnet, hata ambayo bado haijagunduliwa. Yaani kuna ua huenda liko bondeni huko halijulikani na mtu na tayari lina cheo, siasa bwana.

Hebu niwasogezee. Juu kabisa kuna kancha keupe, mnakaona? Halafu kila kijiua kina doa jeupe katikati, kikishazeeka doa linageuka jekundu la kuelekea zambarau, nyuki akiliona hivyo anapita zake, anatafuta lenye doa jeupe maana huko ndo chavua ipo. Na wakulima wangu wa kule nyumbani, huyu ni ndugu yake marejea, jamii ya kunde, mizizi yake inarutubisha udongo vilevile. Ila mbegu zina sumu, mbuzi asiguse.

Barabarani zimejaa kwa sababu serikali ya jimbo inazimwaga mbegu kila mwaka na kufyeka wanasubiri mpaka zikauke zipukutike. Mama mmoja, Lady Bird Johnson, mke wa Rais Johnson, alilipigania sana hili suala la maua kwenye barabara kuu, mume akasaini sheria yake 1965.

Mtaambiwa ukichuma unafungwa. Hapana, sheria ya jimbo ya kukataza kuchuma bluebonnet haipo, kesi ni ukichuma kwenye hifadhi au ukiingia shamba la mtu. Na huku ukiona mti au nguzo imepakwa rangi ya zambarau hiyo ni sawa na kibao cha usiingie, wageni wengi hawajui wanajipigia selfi tu. Angalieni na nyoka, kuna wale wenye kengele mkiani, mi watoto wangu nawatanguliza fimbo kwanza ndo wakae wapigwe picha.

Walioniomba mbegu kwenye komenti, jamani mbegu za kigeni bila kibali mnataka nikamatwe Julius Nyerere pale? Halafu hizi zinaota vuli, zinakaa chini majani tupu baridi yote, ndo zichanue mwishoni mwa Machi. Dar mtazipa baridi ya wapi, ya kwenye friji?