Sanduku Lisilojua Kaskazi Wala Kusi

Assalaam alaykum. Tazameni gilasi hii ya maji ya barafu. Haivuji, ila nje imeshalowa chapa. Hewa ya Lamu ikiwa digrii 28 na unyevu asilimia 80, chochote kilichopoa chini ya digrii 24 hivi hutoka jasho. Sasa mtu anayetaka joto la kifaa chake cha kupimia lisibadilike hukitia sandukuni na kukipoza hadi digrii 20. Hewa ikipenya humo, jasho hilo hilo huota juu ya saketi, likakutana na chumvi ya bahari, na shaba ikageuka kijani.

Basi usipoze, pasha. Chagua joto ambalo hewa haifiki hata kaskazi ikikolea. Kivulini, pasipozidi 33, digrii 40 yatosha, mradi kifaa kinalistahimili.

Hesabu yake: sanduku la sentimita 30 kila upande, lililozungushiwa povu jeupe la milimita 30, hupoteza takribani wati 0.65 kwa kila digrii ya tofauti. Usiku wa kusi, nje 24, lahitaji wati 10.4. Mchana wa 33, wati 4.5 tu. Hapo ndipo wengi hujikwaa: kifaa chenyewe kikitoa wati 6, sanduku litakaa digrii 42 na hita imezima. Dawa ni kupunguza povu, wala si kuongeza! Povu la maboksi ya samaki lafaa, bora liwe kavu; lililolowa halizuii joto vizuri.

Hita ni rezista mbili za omu 22, sambamba, kwa volti 12: wati 13. Zikaze kwenye bamba la alumini la milimita 3, joto lienee. Ukitia wati 50, siku transista, ile swichi ya hita, ikiungua na kubaki ikipitisha umeme, povu litayeyuka. Kwa wati 13 na kifaa cha wati 2, nje ikiwa 33, sanduku litaishia 56 hivi.

Thermista ya kilo-omu 10, yaani kipima joto, ibandikwe kwenye bamba, karibu na rezista. Ukiining'iniza hewani, habari za joto huifikia zimechelewa, na sanduku hupanda na kushuka lisitulie. Thamostati ya kuwasha na kuzima nayo haifai. Tumia kidhibiti kinachopunguza nguvu kidogo kidogo.

Washa, usubiri kama saa tatu nzima, kisha andika joto la ndani na la nje mchana kutwa. La ndani likifuata jua, anza kukagua matundu ya nyaya.