Juni Tunaandamana, Februari Tuko Wapi?

HALIMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, mimi ni Halima na niko na kakangu Otieno kama kawaida. Leo kuna kitu kinanisumbua tangu Juni 2024. Ule mswada wa fedha, ule wa kodi mpya hapa Kenya, tuliuangusha kwa maandamano, sawa, lakini siku hizi nikiuliza vijana wenzetu wanataka uchumi gani, naambiwa "tulikataa" na stori inaishia hapo.

OTIENO: Na kukataa kwenyewe si kitu kidogo, Halima. Serikali ilikuwa inatafuta shilingi bilioni 346 za ziada, ikaanza hata na VAT, yaani kodi ya bidhaa, ya asilimia 16 kwa mkate, wabunge wakaupitisha kura 195 kwa 106 tarehe 25 Juni na kesho yake rais akasema hasaini. Watu walikufa. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu zaidi ya 60 kwa yale maandamano yote.

HALIMA: Mungu awarehemu. Lakini si uliona kilichofuata? Julai hiyo hiyo tozo ya barabara kwa lita ya mafuta ikatoka shilingi 18 ikaenda 25, halafu Desemba ikaja sheria nyingine ya kodi na vipande kadhaa vya ule mswada vimo ndani. Zile kelele za Juni zilikuwa wapi?

OTIENO: Manake deni la nchi liko palepale. Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ndio tulipe ile Eurobond ya 2014, mkopo wa masoko ya nje, yaani unakopa ulipe mkopo, na hiyo riba lazima itoke mahali, na mahali rahisi ni pale mtu hawezi kukwepa: petroli, sabuni, mafuta ya kupikia, mshahara.

HALIMA: Hapo kwa mshahara simama kidogo. Chukua mtu wa 30,000. NSSF ya uzeeni 1,800, SHA ya matibabu 825, tozo ya nyumba za bei nafuu 450, PAYE, ile kodi ya mshahara, kama 730 hivi, anabaki na elfu 26 na kitu na bado hajamlipa mwenye nyumba wala hajapanda matatu. Sasa hiyo 450 ya nyumba ni asilimia 1.5, na mtu wa milioni moja kwa mwezi anakatwa asilimia hiyo hiyo. Halafu mwenye maploti mjini aliyoachiwa na babake halipi hata senti ya kodi ya urithi, kwa sababu Kenya hatuna hiyo kodi.

OTIENO: Nakubali, lakini SHA nitaitetea kidogo. Enzi za NHIF, ile bima ya afya ya zamani, mtu wa 30,000 alikuwa anakatwa 900 na mtu wa laki tano 1,700 tu. Leo wa laki tano anatoa 13,750. Hiyo ni haki na wanaojiita watetezi wa wanyonge wangesema hivyo kwa sauti. Shida iko kwa mtu wa bodaboda, mfumo unamkadiria mapato halafu unamtaka atoe ya mwaka mzima pamoja, na yeye pesa yake inaingia ya leo kwa leo.

HALIMA: Umeona? Hapo ndipo siasa zetu zinafaa ziingie sasa. Tukisema kodi zote ni mbaya, tajiri anafurahi kuliko sisi. Tuseme nani alipe. Katiba yenyewe, kifungu cha 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na tuna hiyo katiba tangu 2010.

OTIENO: Na tuseme mapema dadangu, hiyo ndiyo naona wengi wanaikosa. Mswada wa fedha ukifika Juni mambo mengi yamekwishaamuliwa. Taarifa ya sera ya bajeti inaingia bungeni kufikia tarehe 15 Februari, kule kwa kaunti ni tarehe 28, hapo ndipo wanaamua watakopa ngapi na afya ipate ngapi. Sasa sisi Februari tuko wapi?

HALIMA: Na hata ukienda wanakuchosha. Nilikaa kwa kikao kimoja cha bajeti, kaunti siitaji, kitabu kimeletwa asubuhi hiyo hiyo, kinene, Kiingereza kitupu, nakala mbili kwa ukumbi mzima. Mama mmoja akasimama akauliza pesa ya dispensari yao iko ukurasa gani. Afisa akafungua, akafunga, akasema swali limepokelewa. Halafu ikaja karatasi ya kusaini na soda. Ile karatasi ndiyo itaonyeshwa kortini kwamba wananchi walishirikishwa! Nilitoka pale nimeumia kabisa.

OTIENO: Aki yule mama ndiye mwanasiasa tunayemtaka. Hakuuliza mambo ya chama wala kabila, ameuliza ukurasa.

HALIMA: Na wenye kumsaidia wapo. Si 2024 vijana waliuchambua mswada kwa TikTok, wakautafsiri kwa lugha za mama, hadi lugha ya ishara, mpaka mtu kijijini anajua kifungu gani kitamgusa? Kazi hiyo hiyo ifanyiwe ile taarifa ya Februari, tuorodheshe wadi kwa wadi nini kimeahidiwa, na tuwapigie MCA, wale wawakilishi wa wadi, simu kabla hawajapiga kura, si baada.

OTIENO: Mimi ningeanzia hata nyuma zaidi. Mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa uwe umefika kwa bunge la kaunti tarehe 1 Septemba. Mradi usipokuwa mle ndani, kuupigania Juni ni kazi bure.

HALIMA: Basi tufanye hivi, mwenye nakala ya mpango wa kaunti yake atutumie, tutausoma hapa hapa ukurasa kwa ukurasa. Tuanze na maji na dispensari.

OTIENO: Na madawa, usisahau madawa.