Kompyuta ya Mama Haijafa, Diski Yake Ndiyo Iliyochoka

Ndugu zangu, hili nimelisema katika vikao vingi na leo nalirudia, kwa sababu bado naletewa kompyuta za wazazi zilizoongezewa kila kitu isipokuwa kile kimoja zilichokihitaji. Naomba tuzungumzie kompyuta moja ninayoijua ndani na nje, ya mama yangu mzazi kule Tanga, maana karibu kila ninachotaka kusema kimo ndani yake.

Ni kompyuta ya mezani ya mtumba, iliyotengenezwa mwaka 2012, yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa, ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Mama ni mwalimu mstaafu na mtunza hesabu wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kazi zake ni daftari la Excel, barua za kikundi, WhatsApp kwenye skrini kubwa kwa sababu ya macho, na picha za wajukuu. Alikuwa akiiwasha baada ya swala ya alfajiri, akaenda kukoroga uji, akarudi na bakuli lake na kuikuta bado inahangaika kufungua.

Nilipoambiwa kwamba kompyuta imekuwa nzito, nilifanya kile ambacho wengi wenu mnakifanya: nilinunua RAM nyingine ya GB 4, nikapanda basi hadi Tanga, nikaichomeka, na uwakaji wake ukabaki vile vile. Asubuhi iliyofuata niliketi kando ya mama, nikanyamaza, nikamtazama akifanya kazi zake. Mbele ya kasha la kompyuta kuna taa ndogo inayowaka na kuzima kila diski inapofanya kazi. Taa ile haikuzima hata mara moja tangu alipobonyeza kitufe hadi uji ulipopoa. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua dirisha linaloonyesha kila sehemu inafanya kazi kiasi gani, nikaona prosesa inatumika kwa asilimia 6 na diski kwa asilimia 100. Prosesa ilikuwa imekaa bure, inangoja diski iilishe.

Tuelewane hapa, maana hapa ndipo fedha zenu zinapopotelea. Diski ya zamani hufanya kazi kama santuri: sahani inazunguka, na kichwa kinahamahama juu yake kutafuta kilichoandikwa. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kichwa kikitakiwa kusoma mahali papya, husogea kwanza, kisha hungoja sehemu inayotakiwa ipite chini yake, na kungoja huko peke yake huchukua kwa wastani zaidi ya milisekunde 4. Ukijumlisha na muda wa kusogea, unapata safari zisizofika hata 100 kwa sekunde, ilhali Windows, mfumo unaoiendesha kompyuta, inapoamka huita maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila pembe ya sahani. SSD, yaani diski ya kisasa inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka wala kinachosogea, na kila kipande huletwa kwa muda ulio chini ya milisekunde moja. Nililipa shilingi 65,000 kwa SSD ya GB 240, na tangu siku hiyo kompyuta huwa tayari kabla mama hajaufikia mlango wa jikoni.

Najua fundi mmoja hapa atasema kwamba RAM nayo ina kazi yake. Ina kazi, tena kubwa, na siku hizi sipendi kumwachia mzazi chini ya GB 8, kwa sababu kivinjari peke yake ni mlafi. Lakini RAM ikijaa, Windows huhamishia ziada kwenye diski, kwa hiyo hata uhaba wa RAM uchungu wake husikika diskini. Kabla ya kununua, hakikisheni Windows iliyomo ni ya biti 64, kwa kuwa ile ya biti 32 haivuki GB 4 hata ukijaza nafasi zote. Na mchukue RAM ya zamani mkononi mwendapo dukani, mlinganishe mkato wake na ule wa mpya, kwa maana DDR3 na DDR4, vizazi viwili vya RAM, haziingiliani.

Sasa lile linaloniudhi. Mafundi wetu wamezoea kwamba kompyuta ikiletwa, dawa ya kwanza ni kupiga Windows upya, yaani kufuta kilichomo na kuisakinisha tena. Jirani ya mama alipigiwa Windows bila hata kuulizwa, na picha za marehemu mumewe zikaondoka zote. Yule mama hakuhitaji Windows mpya. Alihitaji mtu wa kumuuliza kwanza ni nini kilichomo humo asichotaka kukipoteza. Nakilini diski nzima kama ilivyo kwenye SSD, ili mzazi akute kila alama ya skrini pale alipoiacha jana. Programu za bure za kunakili zipo, Clonezilla ikiwa mojawapo, ila SSD ikiwa ndogo kuliko diski ya zamani nyingi zitagoma usipopunguza kwanza eneo lililotengwa kwa Windows. Diski ya zamani usiifute. Iandike tarehe, uifungie kabatini, na mzazi ajue ilipo.

Kuna wanaoniuliza kwa nini mtoto mwenye kipato asimnunulie mama kompyuta mpya. Kama ana fedha ya kununua nzuri, na anunue. Ninayoipinga ni ile mpya ya bei ya chini kabisa, ambayo RAM yake imegandishwa kwenye ubaomama, yaani bodi kuu ya kompyuta, na haiongezeki, na prosesa yake ni dhaifu kuliko ile Core i5 ya mwaka 2012 mnayotaka kuitupa.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizipokei karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, ile ya mama ikiwemo. Microsoft iliwawekea watumiaji wa nyumbani masasisho ya nyongeza ya usalama kwa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, lakini kwa mzazi mwenye kazi kama za mama yangu ningehamia Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ambako LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, hufungua daftari lile lile la Excel na WhatsApp hufanya kazi ndani ya kivinjari. Ukimhamisha, kaa naye siku mbili tatu. Usimwekee mfumo mpya Jumapili jioni ukapanda basi Jumatatu alfajiri.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo vumbi la feni nalipita. Ila betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubaomama msiisahau: ikiisha, saa ya kompyuta hurudi miaka nyuma, tovuti hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama huonekana bado havijaanza kutumika, na mzazi hukupigia simu akisema intaneti imeharibika. Suala la printa sitaligusa leo. Aliyekuja na kompyuta ya mzazi wake aisogeze meza ile ya dirishani. Bisibisi ninazo, na tutaanza kwa kuitazama taa ya diski.