Takataka za galeri yenye wapangaji wengi: namna tunavyozipanga Bukavu

Jambo sana, watazamaji wapendwa. Leo niko barabara ya Patrice Lumumba, hapa Bukavu, ndani ya galeri ninayoitunza. Ni etaje nne: restora chini, maduka ya nguo na ya simu, saluni mbili, duka la dawa, na ofisi kule juu. Nifuateni, tuanzie mlangoni kwa mpangaji mpaka kwenye kamyoneti.

Kwanza kabisa, usikimbilie kununua pubele, yaani ndoo za takataka. Chukua daftari na mzani wa kuning'iniza, ule wa sokoni, uzunguke kila jioni kwa wiki nzima ukipima kile ambacho kila mpangaji anatupa. Mimi nilidhani maduka ya nguo ndiyo yanatulemea, maana kartoni zao zinajaza ngazi. Mzani ukakataa. Uzito karibu wote ulitoka restora: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya sombe yanayochuruzika maji. Tangu hapo mchango wa mwezi hatuugawi sawasawa. Si haki mama wa saluni alipie maganda ya mwingine.

Sasa kamera ishuke hapa chini. Ndoo mbili kwa kila mlango: yenye kifuniko ni ya vinavyooza, ya wazi ni ya vikavu. Kutenganisha kunafanyika hapa hapa, siyo kule uani. Angalieni hii kartoni. Asubuhi ilikuwa nzuri, mtu akaimwagia mchuzi. Nikiibonyeza, kidole kinazama kama kwenye bugali ya moto. Hii haina tena mnunuzi. Ile nyingine, kavu, tunaikunjua, tunaikandamiza kwa mguu na kuifunga kamba.

Ndani ya ndoo usiweke sache nyeusi, ile mifuko ya plastiki. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza kuzitengeneza, kuziingiza nchini, kuziuza na kuzitumia, hata kama sokoni bado tunaziona. Ndoo ioshwe kila jioni, inatosha.

Chupa za plastiki: toa kifuniko, mwaga maji, kanyaga, tia guniani. Vifuniko viende gunia lingine, plastiki yake si ile ya chupa. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Ruzizi, na bwawa la Ruzizi ya kwanza liko papa hapa kwetu. Chupa ikiangukia mfereji wetu siku ya mvua, inateremka mlima, inaingia ziwani, inasukumwa hadi bwawani na kuziba njia ya maji yanayozungusha mashine. Umeme unakatika, na sisi tunanunua mafuta ya jenereta. Nikimwona kijana anatupa chupa mferejini namwita polepole, namweleza safari hiyo yote. Wengi hakuna aliyewahi kuwaambia.

Sindano za duka la dawa haziingii ndoo yetu hata moja. Zina sanduku lake gumu, linafungwa likifika robo tatu, na linapelekwa hospitali yenye tanuru ya kuchomea. Betri na mafuta machafu ya jenereta vinakaa chini ya ufunguo.

Uani, mapipa yawe chini ya mabati, juu ya mbao, na yawe na vifuniko. Hili tulijifunza vibaya. Mwaka mmoja, katikati ya masika, mbebaji tuliyekuwa tumemlipa mwezi mzima hakuja siku tisa. Mapipa yakajaa mvua, yakafurika, uchafu ukashuka ngazi mpaka mlangoni kwa jirani. Nilienda kumwomba msamaha mwenyewe, ndoo mkononi. Leo tunalipa kwa safari, sentineli anatia saini kila gari likipakia, na tuna namba ya mbebaji wa pili.

Vinavyooza visilale. Maganda yetu yanachukuliwa kila jioni na papa mmoja wa Bagira anayefuga nguruwe. Kabla hajafika, mpishi anapekua ndoo: vijiti, vioo na mabaki ya nyama vinatolewa, kwa sababu nyama inaweza kubeba homa ya nguruwe na kumaliza zizi lote. Saa kumi na moja na nusu hii, ndiye huyo anaingia getini. Ngoja niweke kamera chini, nimsaidie kupakia.